Tangi Kabla ya Mnyama: Hotuba kwa Wazazi na Vijana Wanaotaka Kufuga Aksoloti

Shikamooni wazee wangu. Ndugu wazazi na walezi, nanyi vijana mliokaa safu ya mbele kwa kuwa mada hii mliiomba ninyi wenyewe, nawashukuru kwa kufika mchana huu. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuandaa tangi salama kwa familia ya hapa Leicester inayotaka kufuga aksoloti kwa mara ya kwanza. Nafahamu kuwa baadhi ya wazee wanajiuliza mnyama huyu ni yupi na ameingiaje katika mazungumzo ya Waswahili. Ni mnyama mdogo wa majini, naye ameingia kupitia kwa watoto. Mwaka 2021 mchezo wa Minecraft ulimwongeza miongoni mwa wanyama wake, na tangu hapo watoto wengi wanamjua kwa sura: kichwa kipana, mdomo unaoonekana kama unatabasamu, na vishada sita vya matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia majini, vilivyosimama nyuma ya kichwa mithili ya manyoya. Wakishamwona kwenye skrini wanamtaka nyumbani, na mzazi anayempenda mwanawe huenda dukani akarudi siku hiyo hiyo na mnyama pamoja na tangi.

Mimi nilikuwa mzazi wa namna hiyo. Binti yangu alipotimiza miaka tisa nilimnunulia aksoloti mweupe mwenye macho meusi, wa urefu wa sentimita kumi, pamoja na tangi la lita 40 na mfuko wa changarawe za rangi ya waridi alizozichagua mwenyewe. Muuzaji aliniambia nijaze maji ya bomba, nitie matone ya kuondoa klorini, nisubiri hadi kesho yake, kisha nimtie mnyama. Nilifuata kila neno. Siku ya nne matamvua yake yalianza kujikunja kuelekea mbele; siku ya saba alikataa chakula; siku ya kumi na moja tulimkuta amelala ubavu, ngozi ya miguuni imekuwa nyekundu kama iliyoungua. Binti yangu aliniuliza alimkosea nini. Hakumkosea lolote. Maji yalikuwa yanang'aa kama ya kunywa, nayo yalimuua kwa kitu ambacho hakuna kati yetu aliyeweza kukiona.

Kitu hicho ni amonia. Aksoloti hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza nyingine. Ziwani maji ni mengi, na bakteria wa kuila amonia hiyo wamekwisha kutanda juu ya kila jani, kila jiwe na kila punje ya tope. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo kwa wingi unaotosha, hivyo sumu hujilimbikiza siku baada ya siku ndani ya maji ambayo macho yetu yanayaona kuwa safi. Wakiwapo, kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mnyama huistahimili ikiwa kidogo na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha maji. Kazi ya kuwakuza bakteria hawa kabla ya mnyama kufika mimi naiita kuliivisha tangi, kwa sababu inanikumbusha ndizi zilizovundikwa: zina siku zake, na anayezifunua kila saa hazifanyi ziive upesi zaidi.

Utaratibu wenyewe si mgumu, ila unadai subira. Tangi hujazwa maji yaliyoondolewa klorini, kichujio huwashwa na hakizimwi tena usiku wala mchana, kisha hutiwa amonia safi ya maji, isiyo na sabuni wala manukato, kwa kipimo kinacholeta takriban miligramu 2 katika kila lita. Baada ya hapo ni kupima na kuandika. Siku za mwanzo utaona kana kwamba hakuna kinachotokea, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakaenda kumnunua mnyama. Kisha, pengine katika wiki ya pili au ya tatu, amonia itaanza kushuka na nitriti itapanda. Baadaye nitriti nayo itashuka na nitrati itapanda. Kila amonia inapokaribia sifuri huongezwa tena, ili bakteria wasife njaa. Siku utakayotia miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limeiva. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki nne na nane. Hapo ndipo unapobadilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, na unapoanza kuyapoza maji, kwa maana bakteria hukua vizuri zaidi katika maji ya uvuguvugu, na hakuna ubaya kuyaacha hivyo maadamu mnyama bado hajaingia.

Nawasihi mnunue vipimio vya matone, vile vya kuchanganya maji na dawa ndani ya kichupa na kulinganisha rangi na kadi, badala ya vijiti vya karatasi, ambavyo hukosea zaidi na mara nyingi havipimi amonia kabisa. Na kazi ya kupima apewe mtoto, chini ya uangalizi. Tulipoanza upya, binti yangu alichora jedwali katika daftari lake la shule na kuandika namba tatu kila jioni kwa siku 44. Usiku ule nitriti iliposoma sifuri kwa mara ya kwanza aliniamsha. Sijawahi kumwona akifurahia mtihani wowote wa shule kwa kiasi hicho, na kufikia hapo alikuwa anamjua mnyama wake kuliko mimi.

Kuhusu klorini, ningependa kusahihisha desturi moja. Wengi wetu tumezoea kwamba maji ya bomba yakilala ndooni usiku kucha, harufu ya dawa huondoka. Ni kweli kwa klorini yenyewe, lakini kampuni nyingine za maji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kulaza maji hata siku kadhaa. Kwa hiyo tumieni dawa ya kuondoa zote mbili, kila mara, hata maji yawe ya kikombe kimoja, na msome kibandiko: zipo dawa za samaki zilizotiwa mshubiri kwa nia ya kulinda ute unaofunika mwili wa samaki, na hizo hazimfai aksoloti, ambaye hana magamba na ambaye ngozi yake hunywa karibu kila kitu kilichomo majini. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo ya tangi iwe ya tangi tu. Ndoo iliyowahi kufulia nguo, hata ikisuuzwa mara kumi, isirudi kwenye kazi hii.

Sasa nieleze ni nani huyu tunayemwandalia, kwa kuwa mengi ya yanayofuata yanatokana na asili yake. Aksoloti ni salamanda, jamaa wa mbali wa chura. Tofauti na salamanda wengi, ambao huanza maisha wakiwa viluwiluwi wenye matamvua kisha wakayapoteza na kupanda nchi kavu, yeye hubaki majini na matamvua yake hadi kufa, hukomaa na hata kuzaa akiwa katika umbo hilo la utotoni. Jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambamo atl ni maji na Xolotl ni jina la mungu mmoja wa kale. Kwao ni Bonde la Meksiko, katika maziwa ya Xochimilco na Chalco, yaliyokuwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Chalco lilikaushwa, Xochimilco limebaki mifereji inayopita kati ya mashamba ya kale yaliyojengwa majini, ndani ya mipaka ya Jiji la Meksiko. Huko porini yuko hatarini mno kutoweka. Hesabu iliyofanywa mwaka 1998 ilikadiria aksoloti 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Ile ya mwaka 2014 ilikadiria 36. Miongoni mwa sababu ni maji machafu ya jiji na samaki wageni waliopandikizwa humo katika karne iliyopita, kapi wa Asia na perege, ambaye asili yake ni Afrika. Huwa nasikia uchungu kidogo kulitaja hilo, maana perege ni kitoweo chetu, naye hakujipeleka Meksiko mwenyewe.

Hawa wanaouzwa hapa hawatoki Xochimilco. Mwaka 1864 aksoloti 34 walifikishwa Paris, na mtaalamu Auguste Duméril akapata baadhi yao katika jumba la makumbusho ya viumbe, wakazaana mwaka uliofuata. Kutokana na uzao huo vizazi vingi vilisambazwa katika maabara za Ulaya. Kwa hiyo unayemnunua amezaliwa katika tangi, kama mama yake na bibi yake walivyozaliwa katika tangi. Lakini mwili wake haujaisahau milima. Anataka maji ya nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi. Huvumilia 20. Yakizidi 22 anaanza kuhemewa, hamu ya kula inapungua, kinga inalegea na ukungu unamshambulia, na yakizidi 24 kwa siku kadhaa maisha yake yako hatarini.

Ndugu zangu, hili ndilo linalowashangaza wengi: Uingereza, nchi ambayo sisi sote tunailalamikia kwa baridi, ina joto mno kwa mnyama huyu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sebule yenye nyuzi 21, ambayo bibi bado anajifunika shali, inampa aksoloti maji ambayo yamevuka kiasi anachokitaka. Na kiangazi ni kigumu zaidi. Tarehe 19 Julai 2022, Coningsby, hapo jirani Lincolnshire, kulipimwa nyuzi 40.3, joto ambalo halijawahi kurekodiwa Uingereza kabla ya hapo. Nyumba zetu zimejengwa kuhifadhi joto, na siku zile vyumba vya juu vilikuwa kama tanuri. Mzazi asinunue mnyama huyu mwezi wa Januari kwa kuangalia kipimajoto cha Januari.

Njia za kupoza ni tatu, nami nitazieleza kwa uwazi kwa kuwa gharama zake zinatofautiana sana. Ya kwanza ni mahali. Chumba cha chini, upande usiopigwa na jua, mbali na rejeta ya kupasha nyumba joto na mbali na dirisha, kinaweza kukupa nyuzi mbili au tatu bila kutoa hata senti moja. Ya pili ni feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Wazee walioinukia na mtungi hapa wataielewa mara moja. Bibi yangu kule Tanga hakuwa na friji, lakini maji ya mtungi wake yalikuwa baridi kwa sababu udongo ulitoa unyevu na unyevu ule, ulipokauka kwa upepo, uliondoka na joto. Feni juu ya tangi hufanya kazi ile ile, na huweza kushusha nyuzi mbili hadi nne. Ina mapungufu yale yale ya mtungi pia: hewa ikiwa nzito kwa unyevu haipozi sana, na maji hupungua kwa haraka, hivyo ni lazima kuongeza kila siku chache maji yaliyoondolewa klorini. Ya tatu ni mashine ya kupoza maji, ambayo hupitisha maji ya tangi ndani yake na kuyarudisha yakiwa katika joto uliloliweka. Bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya mnyama, lakini kwa anayeishi ghorofa ya juu inayopigwa na jua, maoni yangu ni kwamba mashine hiyo iwepo kabla ya mnyama au mnyama asinunuliwe.

Chupa za maji yaliyogandishwa ni za dharura tu. Siku ya joto la ghafla, chupa iliyofungwa vizuri ikielea katika tangi husaidia, mradi ubadilishe moja moja na uangalie kipimajoto, kwa sababu joto linalopanda na kushuka mara kwa mara humdhuru mnyama kama joto lenyewe. Msitie barafu moja kwa moja majini, maana barafu ya bomba ina klorini ndani yake. Na kwa wale wanaowaza kumpelekea binamu aksoloti kuwa zawadi huko Mombasa au Dar es Salaam, nasema kwa heshima, achaneni na wazo hilo. Maji ya bomba ya pwani yetu yana joto la kumdhuru kabla hata hayajaingia tangini, na tangu mwaka 1975 aksoloti yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mipaka ya nchi kunadai vibali.

Ukubwa wa tangi. Lita 75 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa kwa aksoloti mmoja mzima, naye hufikia sentimita 23 hadi 30. Mimi nashauri tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 35, ambalo likijaa pomoni huchukua lita 126. Kimo hakina maana kubwa kwake kwa kuwa hutembea chini. Anachohitaji ni sakafu pana. Na maji mengi ni ulinzi, maana amonia ya kosa moja, tuseme kipande cha chakula kilichosahauliwa, hutawanyika katika maji mengi badala ya kukolea katika machache, na joto nalo hupanda polepole zaidi. Tangi lile la lita 40 nililolinunua mwanzo lilikuwa dogo kwa kila kipimo.

Kumbukeni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi hilo pamoja na kioo chake na meza yake linakaribia uzito wa watu wazima wawili, nalo haliwezi kuwekwa juu ya kabati la nguo la mtoto. Liwekwe juu ya meza iliyotengenezwa kwa matangi, sakafu iwe imara na sawa, na anayepanga nyumba azungumze kwanza na mwenye nyumba. Maji na umeme vikikaa jirani panahitajika uangalifu: kila waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au iwekewe vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa njia ya mpira hadi ndani ya pampu. Na kabla ya mtoto yeyote kuingiza mkono majini, mtu mzima azime vifaa vya umeme, kisha ahakikishe kichujio kimewashwa tena.

Tangi liwe na kifuniko. Aksoloti huonekana mzito na mvivu, lakini akishtuka hujirusha, na kumkuta sakafuni asubuhi ni jambo ambalo sitaki mtoto yeyote alione. Kifuniko cha wavu mgumu ni bora kuliko cha kioo, kwa kuwa wavu unaruhusu upepo wa feni kufika majini. Maji nayo yaishie sentimita tano au zaidi chini ya ukingo.

Nije kwenye zile changarawe za rangi ya waridi. Aksoloti hakamati chakula kwa kukiuma. Hufungua kinywa kwa ghafla na kuvuta maji, na kila kilichoko mbele ya mdomo huingia pamoja na maji hayo. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo huvuta pia kisichokuwa chakula. Changarawe inayoenea mdomoni itaingia tumboni, na ikiziba utumbo mnyama hufa kifo cha polepole. Kwa tangi la kwanza mimi nashauri chini pabaki kioo kitupu, au pawekwe mawe makubwa laini ambayo kila moja linakizidi kichwa chake kwa ukubwa. Kioo kitupu hakipendezi sana machoni, nakubali, na mnyama huteleza kidogo, lakini kila uchafu unaonekana na unaondolewa. Mchanga laini sana unaweza kuja baadaye, mnyama akishavuka sentimita 15, nao lazima uwe wa punje ndogo mno zinazopita tumboni na kutoka zenyewe.

Kichujio kinachofaa kwa anayeanza ni kile cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Ni cha bei nafuu, sponji yake ndiyo makazi ya bakteria niliowaeleza, na hakisukumi maji kwa nguvu. Aksoloti ametoka katika maji yaliyotulia, na mkondo mkali humchosha, humkunja matamvua na kumnyima hamu ya kula. Sponji ikijaa uchafu isioshwe bombani, kwa maana klorini inaweza kuwaua bakteria wengi na tangi likarudi kuwa bichi kwa asubuhi moja. Ioshwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, kwa kukamuliwa mara chache tu, na haihitaji kutakata.

Mwanga uwe hafifu. Mnyama huyu hana kope za kufumba, na wale weupe na wa dhahabu huteseka zaidi na mwanga mkali. Apewe maficho mawili, bomba pana la plastiki safi au chungu kisicho na kingo kali, na mimea ya kuelea ikipatikana itampa kivuli.

Vijana wameniuliza kama anaweza kuishi na samaki. Hapana. Samaki humdonoa matamvua, akidhani ni minyoo, naye akiwapata huwameza, miiba na yote. Kweli ana uwezo wa ajabu wa kuotesha upya mguu, mkia na matamvua yaliyokatika, na uwezo huo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wanasayansi wamchunguze kwa zaidi ya karne moja na nusu. Lakini kiungo kinachoota upya kinaota kwa gharama ya mwili, na jeraha lolote ni mlango wa ukungu. Hata aksoloti wawili wadogo wakiwekwa pamoja hung'atana miguu. Anayeanza aanze na mmoja, peke yake, wala asimwonee huruma ya upweke, kwa kuwa si mnyama wa makundi.

Chakula chake bora ni nyungunyungu, na hili hufurahisha watoto wapendao kuchimba. Wakatwe wakiwa wakubwa, wasuuzwe kwa maji yasiyo na klorini, na watoke mahali pasipopuliziwa dawa ya kuua wadudu wala mbolea ya chumvichumvi. Mdogo hulishwa kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu, na alichokiacha kiondolewe ndani ya saa moja kwa bomba la kunyonyea. Maji hubadilishwa robo yake hivi kila wiki. Akiumwa, msikimbilie dawa za samaki, maana nyingi zina shaba na kemikali ambazo ngozi yake haizihimili. Mtafuteni mapema daktari wa mifugo anayetibu amfibia, na namba yake ibandikwe kwenye tangi kabla haijahitajika.

Wazazi, neno hili ni lenu. Kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, hapa England na Wales mnyama haruhusiwi kuuzwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, na mnyama aliye mikononi mwa mtoto huyo huhesabiwa kuwa yuko chini ya wajibu wa mzazi au mlezi. Aksoloti anayetunzwa vyema huishi miaka kumi hadi kumi na mitano. Mtoto wa miaka minane leo atakwenda chuo kikuu, na aksoloti atabaki na wewe, mama, pamoja na kubadilisha maji kila Jumapili. Ukiliona hilo ni zito, sema sasa, na mwambie mtoto ukweli. Kumtupa mfereji wa mjini baadaye si njia. Ni kosa kwa mnyama na ni hatari kwa viumbe wa mfereji huo, na yaliyompata huko Xochimilco yalichangiwa na viumbe waliowekwa wasipostahili kuwekwa.

Siku ya kumleta, chagueni aliyezidi sentimita saba na mwenye miguu yote minne, na mwulizeni mfugaji maji yake yana joto gani na nitrati kiasi gani. Mfugaji mzuri hujibu bila kusita. Aelezwe mtoto kwamba hatamshika. Mfuko aliomo uelee tangini kwa dakika 20 hivi, uongezwe maji ya tangi kidogo kidogo, kisha aingizwe taratibu na taa zizimwe. Akikosa kula siku mbili za mwanzo si ajabu. Mkiona matamvua yamejikunja mbele, ncha ya mkia imepinda, au anaelea bila kuweza kushuka, pimeni maji kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Mkikuta amonia, mhamishieni kwenye chombo safi cha plastiki chenye maji baridi yasiyo na klorini, yanayobadilishwa yote kila siku, hadi tangi litengemae.

Vijana watatu wameniambia kwamba tayari wana aksoloti nyumbani na hawajawahi kupima maji. Sitawauliza mbele ya watu. Vipimio vyangu nitavileta hapa Jumamosi ijayo saa nane mchana. Njooni na chupa ndogo isiyowahi kuguswa na sabuni, mmeijaza maji ya tangi hadi juu asubuhi ya siku hiyo, na mmeandika pembeni yake nyuzi joto mlizozisoma. Kwa ambao tangi bado halijaiva, nina sponji mbili zilizokaa miezi sita katika tangi letu, na kila moja inatosha kukatwa vipande vinne.